Acheni kutia diski za laptopu kwenye seva za shule

Wandugu, kimya changu cha wiki kadhaa kilikuwa cha TP. Mimi nilipangiwa Kibaha, na mwenzangu wa darasa alipangiwa Kisarawe, ikawa kila Jumamosi mmoja anamfuata mwenzake kwa kubadilisha daladala mpaka kiuno kinauma. Najua mnasubiri stori za kufundisha watoto 80 kwenye darasa moja, na ile ya mkaguzi wangu kuingia wakati nafuta ubao kwa mkono. Zipo, zitakuja. Leo nina hasira na kitu kimoja chembamba kinachoenea mfukoni mwa shati, na sitalala mpaka niimalize.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kubisha ajue anabishia nini. Seva ya shule inatakiwa iwekwe SSD NDOGO ya daraja la seva, yenye kapasita za kuilinda umeme ukikatika. Haitaki SSD kubwa ya dukani ya terabaiti 2 yenye rangi nzuri kwenye boksi. Anayeidhinisha hiyo ya pili kwenye shule yenye umeme wa kwetu anachezea alama za watoto wa watu, hata kama nia yake ni njema.

Mnajua mtu akitaja Kibaha watu wanawaza Shirika la Elimu, ule mradi wa nchi za Nordiki ulioanza 1963 na kukabidhiwa kwa serikali 1970, na ile sekondari ya vipaji maalumu. Mimi sikwenda huko. Nilikwenda shule ya kata ya kawaida kabisa, jina naliacha. Ina chumba cha kompyuta, kompyuta za msaada, na mashine moja pembeni wanayoiita seva. Ni kompyuta ya mezani tu kama zingine, ila ndiyo yenye mfumo wa matokeo, Moodle, na ile Wikipedia ya bila intaneti ya Kiwix. Ilipopata ufadhili mdogo wa wazazi na mdau fulani, waliitoa diski ya zamani inayozunguka wakaweka SSD mpya ya terabaiti 2. Kila mtu alifurahi. Inawaka haraka jamani!

Ikafika wiki ya kuingiza alama za mtihani wa utamilifu wa Kidato cha Nne, moku ile. Alhamisi saa nane mchana umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili seva ikawaka ikasema haioni diski. Siyo kwamba faili moja limeharibika. Diski NZIMA haipo. Walimu wengine walikuwa wameshawarudishia wanafunzi karatasi zao na hawakubaki na alama pembeni, kwa sababu si waliambiwa sasa mambo ni ya kidijitali. Ikawa kuwabembeleza watoto walete karatasi kutoka nyumbani, na wengine walishafungia maandazi.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonitoa machozi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amechomeka flashi kwenye kompyuta moja ya chumba kile asubuhi yake. Ikasemwa ni kirusi. Akaambiwa asiingie darasani mpaka aje na mzazi. Nilimwambia mwalimu wa nidhamu, kwa heshima zote, shikamoo na nini, kwamba kirusi hakifanyi diski ipotee kwenye mashine sekunde ile ile umeme unapokatika. Akanitazama kama mwanachuo anayejifanya kujua. Mzazi alikuja, mama wa watu, ametoka Mlandizi na kanga mbili na nauli ya kukopa, anaomba radhi kwa kosa ambalo mtoto wake hakulifanya. Kosa lilikuwa ndani ya ile diski tangu siku iliponunuliwa.

Ngoja nieleze, maana wengine wetu ni watu wa Kiswahili na Historia, na hili si gumu.

SSD haiandiki moja kwa moja pale data itakapokaa. Ina msimamizi wake ndani, kontrola, na nyingi zina kumbukumbu ya muda ambayo umeme ukiondoka inasahau kila kitu. Mfikirie karani wa masjala. Unampelekea barua, anagonga muhuri IMEPOKELEWA, wewe unaondoka na amani. Kumbe barua ameiweka juu ya meza dirishani, atalipeleka faili kabatini baadaye. Upepo ukija kabla hajasimama, barua imekwenda na wewe una muhuri. Programu ya kanzidata, iwe MySQL au PostgreSQL, inaishi kwa kuuamini muhuri huo. Inaiuliza diski "umeandika kweli?", ikijibiwa ndiyo, inaendelea.

Hiyo ni hasara ya barua moja. Iko mbaya zaidi. Karani huyu ana rejesta inayosema faili lipi liko kabati lipi, kwa sababu ndani ya SSD data inahamishwahamishwa kila wakati ili chipu zichakae sawasawa. Rejesta hiyo nayo inaandikwa upya muda wote. Upepo ukimkuta katikati ya kuiandika, makabati yamejaa, faili zote zipo, na hakuna anayejua lipi ni lipi. Ndipo mashine inaposema haioni diski.

Diski ya daraja la seva imefanyiwa kitu kimoja cha kizamani tu. Ndani yake kuna safu ya kapasita, vile vidude vya kutunza chaji tulivyochora kwenye Fizikia ya kidato cha sita bila kujua vitatufaa wapi. Umeme ukikatika, kapasita zinampa karani sehemu ndogo sana ya sekunde, na hiyo inamtosha kukusanya barua zote mezani na kufunga rejesta. Basi. Ndiyo ile wanayoiandika kwa herufi PLP. Na kwa kuwa karani huyu ana uhakika wa kumaliza kazi, anaweza kugonga muhuri haraka bila kudanganya, kwa hiyo kwenye kazi ya kanzidata mara nyingi anaizidi mbio ile ya dukani inayolazimishwa kuandika kwa ukweli.

Mtaniambia nina stori ya shule moja tu. Haya. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa FAST kule Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na maabara za HP walitoa matokeo ya kuzikatia umeme kwa makusudi SSD 15 za watengenezaji 5. Zilizoonyesha kasoro zilikuwa 13. Kuna zilizopoteza data iliyokwisha kugongewa muhuri, kuna zilizoandika nusunusu, na kuna iliyokufa kabisa. Diski zimeboreka tangu hapo, sikatai, ila kapasita hazijaota zenyewe kwenye diski za bei rahisi.

Kisarawe sasa. Shule ya mwenzangu iko mbele kidogo ya mji, njia ya kwenda Maneromango, na umeme wake ni wa kuombea dua. Seva yao ni mzee mmoja wa chuma aliyestaafishwa na ofisi fulani mjini. Mwalimu wao wa Fizikia, mtu mkimya, alikubali kuchukua mashine ile pamoja na diski zake za zamani badala ya kudai mpya. Ndani kuna Intel DC S3500 ya GB 120, aina iliyotoka 2013. GB 120 tu! Mwenzangu alikuwa anaona aibu kuitaja. Kwa wiki zote za TP umeme ulikatika pale mara nyingi kuliko Kibaha, na kila ukirudi mfumo unaamka, unahesabu vidole vyake, unaendelea. Nilimuuliza mwalimu yule kwa nini hakutaka diski mpya kubwa. Akasema, "Kijana, mimi sihitaji nafasi, nahitaji kukumbukwa."

Twende kwenye hiyo nafasi basi, maana hapa ndipo pesa inapotupwa. Chukua shule ya watoto 900, masomo 10, majaribio na mazoezi ya kuingizwa 20 kwa mwaka. Ni mistari 180,000. Kila mstari upe baiti 200, kwa ukarimu wote. Unapata megabaiti 36 kwa mwaka. Miaka 10 ni megabaiti 360. Albamu mbili tatu za muziki kwenye simu yako zinaizidi. Ongeza mfumo wenyewe wa Linux, Moodle na kazi za wanafunzi, bado GB 240 inabaki na nafasi ya kuchezea mpira.

"Na video za masomo je?" Video na Kiwix ni vitu vya kusomwa tu. Umeme ukikatika wakati mtoto anaangalia video ya moyo wa binadamu, hakuna kinachoandikwa, hakuna kinachopotea. Na ikipotea unaipakua upya au unakopi kwa jirani. Weka hayo kwenye diski ya kawaida inayozunguka, kubwa, ya bei chee. Alama za mtoto hazipakuliwi popote. Kwa hiyo vitu viwili, diski mbili: ndogo ngumu kwa kinachoandikwa, kubwa laini kwa kinachosomwa. Waliochanganya vyote kwenye terabaiti 2 za laptopu wamelipia nafasi wasiyoihitaji na wakaacha kununua ulinzi wanaouhitaji.

Kuna wajuaji watakaokuja na hesabu za uvumilivu, yaani diski inaweza kuandikwa terabaiti ngapi kabla ya kuchoka. Sawa, tuzitazame, tena za mtengenezaji mmoja ili isionekane napigia debe kampuni. Kingston A400 ya GB 480, ya dukani, imeandikiwa terabaiti 160. Kingston DC600M ya GB 480, ya seva, imeandikiwa terabaiti 876. Zaidi ya mara 5. Inavutia, ila mimi nasema kwa shule hiyo si hoja. Terabaiti 160 kwa miaka 5 ni kama GB 87 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Shule gani ya kata inaandika hivyo? Hata Intel DC S3500 ndogo kabisa, ya GB 80, ina terabaiti 45, ambazo ni kama GB 25 kwa siku kwa miaka 5. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ununue ile ya "kuandika sana", ya kuandikwa yote mara kadhaa kwa siku, mwambie asante, shule yangu si benki. Chukua daraja la chini kabisa la seva, ukubwa mdogo kabisa unaopatikana. Unachonunua pale ni kapasita na adabu ya karani.

Na kasi? Jamani kasi. Boksi linasema megabaiti 3,500 kwa sekunde. Swichi ya chumba cha kompyuta niliyoikuta Kibaha ni ya megabiti 100, ambayo hata ikifanya kazi kwa ukamilifu inapitisha megabaiti 12 na nusu kwa sekunde. Umenunua Scania ya kupita kwenye uchochoro wa Maili Moja.

Hoja ninayoisikia sana ni "mbona laptopu yangu ina SSD ya kawaida mwaka wa nne huu haijafa?" Ndugu yangu, laptopu yako ina BETRI. Umeme ukikatika hosteli wewe hata hushtuki, unaendelea na muvi. Diski ile ilitengenezwa kwa maisha hayo. Mashine ya mezani haina betri, kwa hiyo kila TANESCO wakikohoa ni sawa na kumpiga karani rungu kichwani.

"Tununue UPS." Nunueni, naunga mkono. Ila nimezunguka shule mbili na zote zina UPS, na zote mbili betri zimekufa, zinalia tu kama kifaranga. Betri za risasi kwenye chumba chenye joto la Pwani kisicho na feni hazizeeki vizuri, na bajeti ya kubadilisha betri sijaiona kwenye kikao chochote. Halafu UPS haikulindi na mfagiaji anayechomoa waya ili achaji simu.

"Diski mbili za kuakisi." Yaani RAID. Inakusaidia diski moja ikifa yenyewe. Umeme ukikatika, makarani wote wawili wanapigwa rungu sekunde ile ile.

"Tupeleke kila kitu mtandaoni." Kwa bando la nani? Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, nchi ikatambaa kwa siku kadhaa. Siku zile za mwisho wa Oktoba 2025 kila mmoja wetu anazikumbuka, sina haja ya kuzieleza. Nakala ya mtandaoni ni nzuri kama nakala ya pili. Mwalimu anayetaka kuingiza alama leo saa nane anahitaji mashine iliyo chumbani.

Na kuna waliosema umeme wa sasa si kama ule wa mgawo. Bwawa la Mwalimu Nyerere liko Rufiji, mkoa huu huu wetu wa Pwani, megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Najivunia kama nyie. Lakini Aprili 1, 2024, mtambo ukiwa umeshawashwa, gridi ya taifa ilipata hitilafu na giza likatanda. Na megawati za Rufiji hazizuii tawi la mwembe kuangukia waya wa mtaani Kisarawe. Diski haijui kama umeme umekatika kwa upungufu au kwa mwembe.

Sasa upande wa kununua, maana sitaki mseme nimelaumu tu. Diski mpya ya seva ya GB 480 kwa kawaida ni ghali kuliko ya dukani ya ukubwa huo huo, na tofauti si ya nauli. Linganisheni na ile ya terabaiti 2 kwanza ndipo mseme ni ghali. Angalieni karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, siyo maneno ya boksi wala ya kijana wa Kariakoo. Itafuteni ile PLP, na msome sentensi nzima, kwa sababu kuna diski za kawaida kama Crucial MX500 ambazo kinga yake ni ya data iliyokwisha kutulia tu, siyo iliyo njiani. Ile iliyo mezani mwa karani hailindwi. Kwa kompyuta za mezani za zamani chukueni ya inchi 2.5 ya SATA, haina longolongo. Mkitaka zile za mfano wa fimbo ya ubani, M.2, Kingston DC2000B inaanzia GB 240 na Micron 7450 inaanzia GB 400, zote zina kapasita. Pimeni urefu kwanza, nyingine za seva zina milimita 110 na ubao wa kompyuta ya kawaida unaishia 80.

Za mitumba ni halali kabisa kwa maoni yangu, ila ichungulieni kwa smartctl kabla hamjatoa pesa, muone saa ilizofanya kazi na uchakavu wake. Zile za Intel zina kipimo kinachoanzia 100 na kushuka. Na msidhani jina la seva ni hirizi. Novemba 2019 HPE walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS zinakufa zikifikisha saa 32,768 tangu ziwashwe, yaani miaka 3 na siku 270 hivi, kwa kosa la programu ya ndani. Programu hiyo ilirekebishwa, lakini aliyeuziwa ya zamani bila kurekebishwa atalia peke yake.

Kitu kingine hawasemi: diski hizi si za kufungia kabatini. Kiwango cha JEDEC kinataka ya kawaida ikishachoka itunze data mwaka mzima bila umeme kwenye nyuzi 30, ila ya seva inatakiwa miezi 3 tu kwenye nyuzi 40. Isiyochoka inatunza muda mrefu zaidi, lakini nakala ya akiba wekeni kwenye diski inayozunguka, na chapeni karatasi. Karatasi haijawahi kukataa kuonekana.

Wenye mashaka wafanye jaribio. Kuna programu ndogo ya Brad Fitzpatrick inaitwa diskchecker.pl. Unahitaji kompyuta mbili na mkono wa kuchomoa waya. Moja inaandika, nyingine inaweka kumbukumbu ya kila muhuri uliogongwa, unachomoa waya, unawasha, unalinganisha. Mtoto wa kidato cha sita anaweza kuifanya ikawa mradi wa Fizikia. Nilipendekeza Kibaha tuifanye kwa diski mpya mbele ya walimu wote na yule kijana awe ndiye anayechomoa. Nikaambiwa ratiba imebana.

Kijana amerudi darasani, lakini jina lake bado liko kwenye kitabu cha nidhamu na hakuna aliyelifuta. Mimi nimeondoka, sina mamlaka. Ninachojua ni kwamba fomu ya maombi ya diski mpya inakwenda kwenye bodi ya shule mwezi ujao, na nilipoiona ilikuwa imeandikwa "SSD 2TB, yenye kasi". Nimemwandikia mwalimu wa TEHAMA maneno ya kuweka badala yake, na nyie mlioko kwenye shule zenye hali hiyo yakopini yalivyo: "SSD 1 ya daraja la seva, inchi 2.5, SATA, GB 240 hadi 480, yenye kinga ya PLP kwa data iliyo njiani kama inavyothibitishwa na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Diski 1 ya kuzunguka, terabaiti 1, kwa video na nakala. Betri 1 ya UPS."